Mkono huanzia wapi? Mayai ya kuku ya London na mkasa wa thalidomidi

Mwezi Septemba mwaka 2005, wapita njia katika uwanja wa Trafalgar, katikati ya jiji la London, walikuta sanamu mpya juu ya jukwaa lililojengwa mwaka 1841 na kuachwa tupu kwa muda mrefu kwa kukosekana fedha. Ilikuwa ya marumaru nyeupe, yenye urefu wa zaidi ya mita tatu na nusu. Ilimwonyesha mwanamke mjamzito aliyeketi, asiye na mikono na mwenye miguu mifupi mno. Mchongaji wake alikuwa Marc Quinn, na mwanamke huyo ni Alison Lapper, msanii wa Uingereza aliyezaliwa akiwa na umbo hilo mwaka 1965.

Uwanja huo, msikilizaji, tayari ulikuwa na shujaa mmoja mwenye upungufu wa kiungo. Juu ya mnara wake mrefu amesimama Nelson, aliyepoteza mkono wa kulia vitani mwaka 1797. Lakini mkono uliokatwa ni jambo moja, na mkono ambao haukupata kuumbika ni jambo lingine kabisa. Wa kwanza unaelezwa na historia ya vita. Wa pili unatutaka turudi nyuma hadi wiki za mwanzo za uhai, ndani ya tumbo la mama, pahali ambapo kwa karne nyingi hapakuonekana na mtu.

Wengi walioitazama sanamu ile walidhani wanajua sababu yake. Waliwaambia watoto wao: ni ile dawa. Walikosea. Lapper alizaliwa zaidi ya miaka mitatu baada ya dawa ya thalidomidi kuondolewa madukani nchini Uingereza, na hali yake haikusababishwa nayo. Hata hivyo kosa lao linaeleweka, kwa sababu umbo ni lile lile. Madaktari huliita fokomelia, neno la Kigiriki lenye maana ya kiungo cha sili, yule mnyama wa baharini mwenye mapezi mafupi. Kwamba njia mbili tofauti zinaweza kufika katika umbo moja ni dalili kwamba mkono hujengwa kwa utaratibu fulani, na kwamba utaratibu huo una mahali pake pa kuvunjikia.

Nguva, fuko na popo

Habari yenyewe ilianza kuandikwa London kabla ya dawa hiyo kuwapo. Tarehe 9 Februari mwaka 1849, bingwa wa elimu ya maumbile ya wanyama, Richard Owen, alitoa mhadhara katika Taasisi ya Kifalme, mtaa wa Albemarle. Owen alikuwa mtunzaji wa hazina ya mifupa ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji, na alikuwa ameipitia mifupa ya wanyama wengi kuliko pengine mtu yeyote wa wakati wake. Aliwalinganishia wasikilizaji wake pezi la nguva, mkono wa fuko achimbaye udongo, bawa la popo na mguu wa farasi.

Wasikilizaji wetu wa Lamu na wa Mafia wanamjua nguva. Kwa nje, pezi lake ni kasia tu la kuogelea. Lakini livue ngozi na nyama, nawe utakuta mfupa mmoja unaotoka begani, kisha mifupa miwili, kisha vifupa vya kifundo, na mwisho mifupa ya vidole vitano. Sasa shika mkono wako mwenyewe uhesabu. Mpango ni huo huo. Popo amevirefusha vidole vyake vikawa nguzo za bawa, na farasi amebakiza kidole kimoja tu anachokikanyagia. Hakuna fundi wa binadamu ambaye angetengeneza kasia, sepetu na bawa kwa ramani moja.

Owen aliona ramani, ila hakuweza kusema ilitoka wapi. Miaka kumi baadaye, mwaka 1859, Charles Darwin alijibu kwamba imetokana na mzazi mmoja wa kale. Jibu hilo limethibitishwa na mambo mengi tangu hapo, na baadhi yake yametoka katika bahari yetu. Silikanti, samaki wa kale mwenye mapezi ya nyama, aliyevuliwa karibu na Malindi mwaka 2001 na Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003, anafahamika zaidi kutoka visiwa vya Komoro. Mwaka 2013 wanasayansi walipoisoma jenomu yake, walichukua kipande cha urithi chenye kazi ya kuwasha jeni fulani, wakakitia katika kiinitete cha panya. Kipande hicho cha samaki kiliwasha kazi katika sehemu ya panya inayokuwa kiganja na vidole.

Lakini jibu la Darwin linahusu mamilioni ya miaka. Mama mjamzito hangoji mamilioni ya miaka. Mkono wa mwanawe hutokeza kama kivimbe kidogo ubavuni mwishoni mwa wiki ya nne baada ya mimba kutungwa, kiinitete kizima kikiwa na urefu wa milimita chache, na kufikia mwisho wa wiki ya nane vidole vimekwisha kutengana. Kazi yote hufanyika katika muda wa mwezi mmoja. Nani huongoza kazi hiyo? Hadi katikati ya karne ya 20, swali hilo lilikuwa na watafiti wachache waliolishughulikia kwa utulivu. Kisha likaja kwa nguvu, tena kwa njia ya msiba.

Siku kumi na sita

Mwezi Aprili mwaka 1958, kampuni ya Distillers ilianza kuuza nchini Uingereza dawa ya usingizi kwa jina la Distaval. Dawa yenyewe, thalidomidi, ilikuwa imebuniwa na kampuni ya Kijerumani ya Chemie Grünenthal. Ilisifiwa kuwa salama, na wanawake wajawazito waliitumia kutuliza kichefuchefu cha asubuhi. Mwishoni mwa mwaka 1961, daktari Widukind Lenz wa Ujerumani na daktari William McBride wa Australia, kila mmoja kwa upande wake, walitoa tahadhari kwamba watoto wa akina mama walioitumia walikuwa wakizaliwa na viungo pungufu. Mwezi Desemba mwaka huo dawa ilikuwa imeondolewa Uingereza.

Kufikia wakati huo takriban watoto 2,000 wa nchi hiyo walikuwa wamedhurika, na karibu nusu yao walifariki dunia katika miezi ya mwanzo ya maisha yao. Duniani kote idadi ilipita 10,000.

Jambo lililowashangaza madaktari lilikuwa kalenda ya madhara hayo. Mama aliyemeza dawa baada ya kama siku ya 36 tangu kutungwa mimba, mtoto wake kwa kawaida alizaliwa na viungo kamili. Aliyeimeza kati ya kama siku ya 20 na siku hiyo ya 36, hata kidonge kimoja kiliweza kutosha. Mikono ilidhurika kwa vidonge vya mwanzo wa kipindi hicho, na miguu kwa vile vya baadaye kidogo, kwa sababu miguu huchelewa kuchipuka. Na hizo ni siku ambazo mwanamke aghalabu ndiyo kwanza anaanza kuhesabu vidoleni na kujiuliza kama ana mimba au la.

Watoto waliosalimika walipelekwa katika hospitali kama ile ya Roehampton, kusini-magharibi mwa London, kufungiwa mikono ya bandia, mingine ikiendeshwa kwa gesi. Ilikuwa mizito na yenye kuchosha. Wengi wao waliivua kila mtu mzima alipogeuka, wakaandika kwa vidole vya miguu na kushika vitu kwa vidole vichache vilivyoota mabegani. Fidia nayo ilichelewa. Gazeti la Sunday Times, chini ya mhariri wake Harold Evans, lilianza kampeni mwaka 1972, mahakama ikalizuia kuchapisha makala moja muhimu, na haki ya gazeti hilo ikatambuliwa na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 1979. Serikali ya Uingereza iliomba radhi mwaka 2010.

Haya yote yanajulikana. Lisilojulikana sana ni kwamba wakati kesi hizo zikiendelea, katika jiji hilo hilo, watu wachache walikuwa wakipasua madirisha katika maganda ya mayai ya kuku.

Mhandisi kutoka Johannesburg

Lewis Wolpert alizaliwa Johannesburg mwaka 1929 na kusomea uhandisi wa ujenzi. Alifanya kazi ya kupima udongo unaobeba majengo kabla ya kuhamia London, ambako aliugeukia uhai na kuandika tasnifu ya udaktari katika chuo cha King's kuhusu jinsi seli zinavyogawanyika. Mwaka 1966 akawa profesa katika shule ya udaktari ya hospitali ya Middlesex. Nadhani uhandisi haukumtoka kamwe. Mtaalamu wa viumbe angeuliza mkono umetengenezwa kwa nini. Wolpert aliuliza kila tofali linajuaje liko ghorofa ya ngapi.

Alitumia mfano wa bendera ya Ufaransa: buluu, nyeupe, nyekundu. Chukua mstari wa seli zinazofanana kabisa. Zitapangikaje kuwa bendera yenye sehemu tatu sawa, na zibaki tatu sawa hata mstari ukikatwa ukawa mfupi? Jibu lake lilikuwa kwamba kuna kitu kinachotolewa upande mmoja na kusambaa kikipungua nguvu kadiri kinavyokwenda mbali. Kila seli hupima kiasi kinachoifikia, nayo hutambua mahali pake. Mtu anayerudi nyumbani usiku mtaani kwetu hafanyi zaidi ya hapo: harufu ya udi ikizidi, anajua nyumba yenye arusi iko karibu.

Aliposimulia wazo hilo katika mkutano wa wanasayansi huko Woods Hole, Marekani, mwaka 1968, alipokelewa vibaya. Aliyemtia moyo ni Sydney Brenner, naye mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel. Makala ikachapishwa mwaka 1969.

Yai la kuku lilikuwa mahali pazuri pa kujaribia. Humhitaji mnyama mzazi. Hukata kidirisha katika ganda, humfanyia upasuaji kiinitete mwenye umri wa siku tatu au nne, huziba kwa utepe, na kulirudisha yai katika joto. Baada ya siku sita au saba unahesabu mifupa. Mmarekani John Saunders alikuwa amefungua njia. Mwaka 1948 alionyesha kwamba ukingo mwembamba wa ngozi ulioko nchani mwa chipukizi la bawa ukiondolewa mapema, bawa huishia karibu na bega, na ukiondolewa baadaye, huishia mbali zaidi. Mwaka 1968, pamoja na Mary Gasseling, alieleza kwamba kijipande cha nyama kutoka nyuma ya chipukizi, upande wa kidole cha mwisho, kikipandikizwa mbele, huzaa vidole vya ziada.

Hapa ndipo timu ya Middlesex ilipoingia. Bawa la kuku lina vidole vitatu. Cheryll Tickle, Dennis Summerbell na Wolpert walikipandikiza kipande hicho mahali mbalimbali, na mwaka 1975 wakatangaza matokeo. Kikiwekwa upande wa mbele kabisa, bawa liliota vidole sita, vitatu vikivitazama vitatu kama mtu aliye mbele ya kioo. Kikisogezwa, vidole vilibadilika kulingana na umbali. Baadaye Tickle alipunguza idadi ya seli zilizopandikizwa, na kidole kilichoota kikawa kile tu kinachohitaji udi hafifu kabisa. Ilikuwa kana kwamba bendera imepandishwa mlingotini.

Kitu chenyewe kilichosambaa kilichukua muda kujulikana. Mwaka 1982 Tickle na wenzake waligundua kwamba asidi itokanayo na vitamini A huleta matokeo yale yale, wengi wakadhani kimepatikana. Hakikuwa chenyewe. Mwaka 1993 maabara ya Clifford Tabin huko Harvard ilionyesha kuwa ni protini inayoitwa Sonic hedgehog, jina la kalunguyeye wa mchezo wa kompyuta. Kiini cha jina hilo ni mabuu wa nzi waliokuwa na miiba kama kalunguyeye. Nimesikia madaktari wakilalamika kwamba ni vigumu kumweleza mzazi mwenye majonzi kwa jina la mchezo wa watoto, nami nawaunga mkono.

Reli ya Kigoma

Hayo yalihusu vidole. Je, urefu wa mkono, kutoka bega hadi kucha? Mwaka 1973 Summerbell, Julian Lewis na Wolpert walipendekeza kwamba huo hupimwa kwa muda. Nchani mwa chipukizi, chini ya ule ukingo, seli hugawanyika na baadhi huachwa nyuma. Zinazoachwa mapema huwa mfupa wa juu wa mkono. Zinazochelewa huwa kigasha, na za mwisho huwa vidole. Mfikirie abiria wa reli ya kati kutoka Dar es Salaam. Anayeteremka mapema yuko Morogoro, anayeendelea yuko Tabora, na aliyevumilia hadi mwisho yuko Kigoma. Saunders alipouondoa ukingo, alilisimamisha gari moshi njiani.

Na hapo thalidomidi ikarudi mezani. Mwaka 1979 Wolpert, Tickle na mwenzao waliyapiga machipukizi ya kuku kwa eksirei. Kuku wakatoka na mifupa ya juu iliyopungua huku vidole vikisalia, picha iliyofanana mno na watoto wale. Maelezo yao yalikuwa mazuri: abiria wengi wakipotea mwanzoni mwa safari, wachache waliobaki hukaa garini hadi idadi yao ijae tena, na wanaporuhusiwa kuteremka, Morogoro imekwisha kupita. Walipendekeza kuwa huenda dawa nayo ilifanya hivyo. Kwa mara ya kwanza mkasa wa thalidomidi ulipata maelezo ambayo mwanafunzi angeweza kuyachora ubaoni. Yaliingia vitabuni.

Yalidumu karibu miaka 30. Mwaka 2002 maabara ya Tabin ilitilia shaka nadharia ya muda, na mwaka 2009 watafiti wa Harvard pamoja na wenzao wa Hispania walilirudia jaribio la eksirei kwa zana mpya. Waliona kwamba ramani ya mkono ilibaki salama. Zilizokufa ni zile seli za gegedu zilizokuwa zikijenga mfupa wa juu katika saa ile ile ya mnururisho. Abiria wa Morogoro walikuwa wamekwisha kupangiwa kituo chao, ila hawakufika.

Mwaka huo huo watafiti wa Aberdeen, Scotland, walionyesha kwamba thalidomidi inaweza kuharibu mishipa michanga ya damu katika chipukizi la kuku. Mwaka 2010 wanasayansi wa Tokyo, Takumi Ito na Hiroshi Handa wakiwamo, waliipata protini ambayo dawa hushikamana nayo mwilini, sereblon. Mwaka 2018 ikajulikana kwamba sereblon iliyoshikwa na dawa huigeukia protini nyingine, SALL4, na kuiangamiza. Hapo fumbo la sanamu ya Trafalgar linapata nuru. Watu wanaorithi jeni ya SALL4 iliyoharibika huweza kuzaliwa na mikono iliyofanana na ya watoto wa thalidomidi, ingawa mama zao hawakumeza kitu. Ikafahamika pia kwa nini panya hawakutoa onyo: sereblon yao haifanyi hivyo kwa dawa hii. Sungura walionyesha madhara, lakini hilo lilionekana mwaka 1962, maji yakiwa yamekwisha kumwagika.

Je, Wolpert alishindwa? Nisingesema hivyo. Mwaka 2015 watafiti wa Sheffield na wenzao wa Hispania walieleza kwamba seli za bawa la kuku zina saa yao ya ndani inayopima muda wa kujenga sehemu za mwisho za bawa, na sehemu ya hoja ya mwaka 1973 ikafufuka. Kuhusu vidole, mpinzani mwingine alitoka katika maandiko ya mwaka 1952 ya Alan Turing, mzaliwa wa London, aliyeonyesha kwa hisabati kwamba vitu viwili vinavyosukumana vinaweza kujichorea milia bila bendera. Mwaka 2014 timu ya James Sharpe huko Barcelona iliionyesha milia hiyo katika vidole vya panya. Wengi leo huamini kwamba mbinu zote mbili zinafanya kazi pamoja. Wolpert mwenyewe, aliyewahi mwaka 1986 kuhutubia watoto kwa televisheni kutoka Taasisi ile ile ya mtaa wa Albemarle alikosimama Owen, alifariki dunia Januari mwaka 2021.

Sanamu ya Alison Lapper iliondolewa Trafalgar mwaka 2007, na nakala yake kubwa ikaonekana tena London katika ufunguzi wa michezo ya Paralimpiki mwaka 2012. Thalidomidi haikuondoka duniani. Hutumika kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya uboho na kwa maumivu makali yanayowapata baadhi ya wagonjwa wa ukoma, chini ya masharti mazito, na nchini Brazil watoto wengine wamedhurika kwa sababu masharti hayo hayakufuatwa. Wanakemia sasa wanatafuta dawa za jamii yake zitakazoua saratani bila kuigusa SALL4.

Waliozaliwa Uingereza kati ya mwaka 1959 na 1962 na wangali hai wamepita miaka 60. Wengi wao wanalalamikia maumivu ya nyonga, ya shingo na ya mabega, kwa kuwa kwa miaka yote hiyo wamefungulia milango kwa meno, wamenyanyulia vikombe kwa miguu, na kuwabebea watoto wao kwa vidole vilivyoota begani.